Jina Lililoandikwa Kila Asubuhi

Jumatatu ile ya kwanza Asabe aliweka kiganja juu ya kompyuta ili afute vumbi, akakiondoa upesi. Bati lilikuwa vuguvugu. Halikuwa joto la jua, kwa kuwa chumba cha darizi kina kidirisha kimoja tu nacho kinatazama ukuta. Halikuwa joto la umeme, kwa kuwa umeme ulikatika tangu Ijumaa na waya wa kompyuta ulikuwa umeviringishwa juu ya rafu. Lilikuwa joto la mkeka ambao mtu ameinuka sasa hivi.

Alichungulia nyuma ya meza akitafuta paka. Hakukuwa na paka. Basi akamaliza kufuta, maana mwanamke mwenye majoho kumi na mawili ya kudarizi na watoto watatu wa kulisha hana nafasi ya kukiuliza kila kitu kwa nini kina joto. Mjini Kano, mwezi wa nne, hata maji ya mtungi yana joto.

Kompyuta hiyo aliichagua mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu, na jambo hilo ndilo lililomkera kuliko yote baadaye.

Ile yake ya kwanza ilikuwa imekufa mwezi uliopita, vumbi limeijaa mpaka kooni. Kufa kwake kusingekuwa msiba kama si programu. Programu ya kuchorea darizi ilikuwa ya zamani sana, na aliyemuuzia alikwisha kufunga duka akahama mji. Tena haikufunguka mpaka nyuma ya kompyuta uchomeke ufunguo wake, kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, ambacho kilitaka tundu pana lenye matobo mengi. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. Na michoro yake yote, miaka kumi na miwili ya kukodoa macho, ilihifadhiwa kwenye diski kwa namna ambayo programu nyingine haikuweza kuisoma. Humo ndimo ulimokuwa mchoro wa Visu Nane, zile ncha ndefu zinazoshuka kifuani mwa joho la mwanamume mwenye cheo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kuvishwa kilemba cha uongozi wa wilaya, na yeye na ndugu zake walitaka Visu Nane vya Asabe, si vya mtu mwingine.

Mume wake alikuwa barabarani na lori la vitunguu, huko kusini. Asabe akajifunga mtandio, akaenda mwenyewe kwa Alhaji Bako, muuza kompyuta za mitumba.

Alhaji Bako alikuwa anatafuna kokwa ya kola. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa kompyuta mbili akaziweka juu ya gunia.

"Hajiya, mimi nakwambia nilichonacho, sitaki maneno baadaye. Hii imetoka ng'ambo, shule fulani, safi, imetunzwa. Hii ya pili ni babu yake."

"Huyo mjukuu ana lile tundu pana?"

"Analo."

"Na programu yangu itafunguka?"

"Itafunguka ukiibembeleza. Kuna fundi namjua, ataidanganya mashine ijione imerudi utotoni. Siku tatu, nne."

"Na babu?"

"Babu hahitaji kudanganywa. Babu na programu yako wamezaliwa mwaka mmoja. Unawasha, unafanya kazi." Alhaji akatema kola pembeni, akashusha sauti. "Ila imetoka kwenye kile kiwanda cha kufuma kilichofungwa. Chumba cha wachoraji. Kilikaa kimefungwa miaka kumi na tisa. Walinzi walinifungulia mlango tu, hakuna aliyeingia nami. Na mimi hii sijaiwasha dukani kwangu. Niliijaribia nje, barabarani."

"Kwa nini nje?"

"Kuna hewa."

Asabe alimtazama. Alhaji Bako akatazama kwingine.

"Ungekuwa dada yangu ningekupa mjukuu," alisema.

"Ningekuwa dada yako ungenibebea mpaka nyumbani. Siku nne sina. Funga babu."

Nyumbani, mama mkwe wake, Inna Mero, alikuwa kivulini anachambua kunde. Aliitazama kompyuta ikipitishwa uani kama anavyomtazama mgeni asiyetoa salamu.

"Kitu kimekaa gizani miaka yote hiyo, halafu unakiingiza ndani kikavu hivyo? Kaanga hata kosai, bagia za kunde, uwagawie watoto wa jirani. Soma neno."

"Kesho, Inna."

"Kesho yako haina mwisho, wewe."

Na kweli, kesho yake umeme uliporudi, Asabe hakukaanga kosai wala hakusoma neno. Alichomeka ufunguo, akatia diski zake, akawasha. Kioo kikawaka kijani, kikanguruma, kikatoa harufu ya pamba mbichi. Programu ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta, ikamuuliza swali lilelile inalouliza kila asubuhi kabla ya kuruhusu kazi: jina la mwenyewe.

Hapo lazima tueleze jambo moja. Kwa watu wa Asabe, mama hamwiti mtoto wake wa kwanza kwa jina. Ni kuona haya. Watoto wake wawili wadogo, Mudi na Laraba, majina yao aliyapigia kelele kutwa nzima mpaka majirani wakayachoka. Lakini yule mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliitwa "wewe", au "binti", au "huyo hapo". Hakubebwa mgongoni na mama yake mbele za watu, na hakusifiwa mbele za watu. Asabe naye alilelewa hivyo na mama yake, na hakuona ajabu.

Lakini programu ilipomtaka neno la siri, miaka kumi na miwili nyuma, mimba ikiwa bado changa, Asabe aliandika jina la mama yake mzazi, kwa sababu ndilo alilokuwa amekusudia kumpa mtoto akiwa msichana. Mtoto akaja msichana. Jina likabaki. Kila asubuhi, kabla hajagusa uzi, vidole vyake vilisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa. Hindatu. Kwenye kioo zilitokea nyota saba tu, hakuna aliyejua, naye akaanza kazi. Hakuwahi kumwambia mtu. Lilikuwa jambo dogo, na siku nyingine ndilo pekee lililokuwa lake mwenyewe tangu alfajiri mpaka alale.

Kwenye kompyuta ile ya kiwandani hazikutokea nyota. Zilitokea herufi zenyewe, waziwazi, moja moja. H. I. N. Asabe aliona aibu, akageuka kuangalia kama kuna mtu mlangoni. Alipogeuza tena uso, kidole kilikuwa bado hewani, hakijagusa kitufe cha mwisho. Lakini herufi ya mwisho ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Akajiambia ni uzee wa mashine. Akaanza kazi.

*

Umeme wa mtaa ule ulikuwa unakuja kidogo asubuhi, unakatika, unarudi mchana, baada ya azuhuri, unaondoka kabla ya alasiri. Saa hizo jua limepasua kila kitu. Watu wamelala, mbuzi wamelala, nzi nao wametua ukutani hawana habari. Asabe peke yake ndiye aliyekuwa macho, na mashine ya kudarizi, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, ikipiga tak-tak-tak mpaka ikamwingia kwenye meno.

Siku ya nne, msichana akaingia chumbani akitweta kidogo. Alisimama mlangoni, mtandio umemlegea, macho yanang'aa.

"Nimekuja, Mama."

"Umekuja kufanya nini?"

"Umeniita."

"Sijamwita mtu. Nani kakuamsha?"

"Umeniita wewe." Msichana akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini tabasamu likatokea pembeni. "Umeniita kwa jina."

Asabe alisikia uso wake unapata moto. "Umeota. Nenda kalale."

"Mara mbili, Mama. Umeniita mara mbili."

"Nimesema nenda."

Msichana akaenda. Hakuonekana kusikitika. Alitembea taratibu kama mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Asabe alibaki na mguu juu ya kanyagio. Kilichomuuma hakikuwa woga. Alifikiri tu kwamba mtoto akitamani kitu sana ataota amekipata, na kwamba yeye, mama, hana la kufanya, na joho la tatu halijafika hata kwenye kola.

Kesho yake msichana alikuja tena. Na keshokutwa. Hakusema tena kuwa ameitwa, alikaa tu sakafuni karibu na meza ya kompyuta, ameegemeza sikio kwenye bati, amefumba macho.

"Unasikiliza nini?"

"Hakuna, Mama."

"Toka hapo, utapigwa na umeme."

"Ni ya moto kidogo," msichana akasema. "Kama tumbo la mtu."

Wiki ya pili Asabe aligeuza joho la nne kukata nyuzi, akaona kitu kwenye pindo, upande wa ndani. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ilibidi akipinde kwenye mwanga ndipo akisome. Herufi saba, ndogo, nadhifu, za mkono wa fundi kuliko yeye. Alichukua wembe akazifumua, moja moja, bila kuzisoma tena. Akachukua joho la tatu. Zilikuwepo. La pili. Zilikuwepo. La kwanza lilikuwa limekwisha kunyooshwa na kukunjwa. Akalikunjua, na kabla hajafika kwenye pindo alikwisha kujua.

Angeweza kuizima siku hiyo. Alilifikiria jambo hilo, mkono uko kwenye waya. Kisha akafikiria majoho manane yaliyobaki, na mwanamume wa lori la vitunguu ambaye hakuwa amepiga simu siku tisa, akaachia waya. Kila asubuhi programu ilimuuliza jina la mwenyewe, na kila asubuhi akaliandika. Kwani angeandika nini kingine? Neno la siri ni lile lile.

Msichana akaanza kukonda. Uji aliusukuma pembeni. Inna Mero alipomsuka nywele alitoa katikati ya mistari vipande vya pamba, vyeupe, vingi, akavirundika juu ya goti.

"Analala wapi huyu?" Inna akauliza. "Kwenye gunia la pamba?"

"Analala nawe, Inna. Mkeka mmoja."

"Usiku, ndiyo. Mchana analala wapi?"

Asabe akatazama mlango wa chumba cha darizi.

Ilikuwa Alhamisi, saa ya jua kali, umeme haukuwa umekuja, na Asabe alikuwa jikoni upande wa pili wa ua akisonga tuwo huku jasho likimdondokea machoni, aliposikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka chumba cha darizi, sauti tulivu, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyeshiba na kupumzika, ikisema Hindatu, njoo, Hindatu, na ikamchukua muda mrefu, mwiko ukiwa umesimama ndani ya chungu na tuwo ikianza kushika chini, kutambua kwamba sauti ile aliijua tangu azaliwe, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, ila haikuwa imechoka.

Msichana alitoka kivulini. Alipita katikati ya ua juani, miguu mitupu juu ya mchanga unaounguza, hakuruka wala hakukimbia. Alikuwa anatabasamu.

"Wewe!" Asabe akaita. "Wewe, rudi hapa!"

Msichana hakugeuka. Akaingia chumbani, mlango ukajifunga nyuma yake bila upepo.

Asabe alipousukuma, mlango ulisukumika kidogo ukarudi, kama unavyorudi mlango ulioegemewa na mtu mzima, na kupitia upenyo ikatoka harufu ya pamba mbichi na mafuta ya mashine na, chini yake, harufu ya kinywa kilichofungwa muda mrefu sana, na alipousukuma kwa bega mara ya tatu ukaachia ghafla akaanguka ndani kwa magoti, akamwona mtoto wake ameketi mbele ya kioo cheusi kisicho na umeme, nywele zimefunikwa pamba kama za ajuza, na mikono yake miwili inakwenda kushoto na kulia, inarusha kitu na kudaka, inarusha na kudaka, kazi ya watu wa vitanda vya kufuma ambayo msichana yule hakuwahi kuiona maishani mwake.

Asabe alimkumbatia kiunoni akamburuta nje. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani.

"Mama," msichana akanong'ona, "umenitoa kwa Mama."

*

Malam Tanimu, mwalimu wa dini wa mtaa, alikuja kabla ya magharibi, na ubao wake wa kuandikia kwapani. Alikuwa mzee mfupi mwenye mafua. Alisoma mlangoni, akasoma dirishani, akakaa chini mbele ya msichana, akaandika ubaoni kwa wino, akausafisha kwa maji, akampa maji ayanywe. Msichana alikunywa nusu. Kisha akaongea, na Inna Mero akadondosha tasbihi, kwa sababu iliyotoka ilikuwa sauti ya Asabe.

"Mnanifukuza kwa kosa gani? Mimi sikuiba."

"Umeingia nyumba ya watu," Malam akasema.

"Nililetwa. Nilikuwa nimelala mahali pangu. Nikawashwa, nikaulizwa, na mwanamke huyo akaandika jina kwa mkono wake. Sikumwomba. Kila asubuhi ananipa, sijaona asubuhi aliyosahau."

"Huyu ana mama."

"Mama gani? Mmemsikia akimwita lini?" Sauti ikawa ya upole kabisa. "Mimi namwita, naye anaitika. Muulizeni mtoto anamtaka yupi."

Malam alipiga chafya, akafuta pua, akamgeukia Asabe. "Uliandika jina la nani?"

Asabe alitazama mchanga. Mbele ya mama mkwe wake, mbele ya mwanamume wa heshima, na majirani wawili wameshaweka videvu juu ya ukuta wa ua. Akainua mkono, akamwonyesha msichana kwa kidole.

"La huyo hapo," alisema.

"Basi aliyemwingia huyu hatoki kwa maji yangu peke yake," Malam akasema. "Umemwandikia mtoto, naye amepokea. Kesho saa yake ileile atamwita. Na wewe utamwita. Kwa jina, kwa sauti, watu wakisikia. Mtoto akija kwako, ni wako. Na hiyo mashine itoke, yenyewe na kila kilichochomekwa ndani yake."

"Michoro yangu yote imo humo, Malam. Miaka kumi na miwili."

"Sikukuuliza kuhusu michoro."

Asabe alijua wote wanamsubiri Inna, kwa kuwa jambo la haya ni la mama mkwe kuliko mtu yeyote. Inna Mero aliokota tasbihi yake, akapuliza vumbi.

"Mwite," alisema. "Mimi nitatazama ukutani. Masikio yangu yenyewe ni ya kubahatisha siku hizi."

*

Kesho yake jua lilisimama juu ya vichwa. Asabe alikaa kwenye kizingiti cha jiko, Inna ameelekea ukutani, Malam anasoma chini chini kivulini. Msichana alikuwa kwenye mkeka katikati ya ua. Mlango wa chumba cha darizi ulikuwa umefungwa kwa kamba.

Kamba ikalegea polepole, fundo likafunguka lenyewe.

"Hindatu," sauti ikaita kutoka ndani. "Njoo, mwanangu."

Msichana akasimama.

Asabe akafungua mdomo. Jina lilikuwa limekaa pale miaka yote hiyo na sasa halikutaka kutoka. Likatoka nusu, likakwaruza, likamalizikia kwenye kikohozi. "Hin... Hindatu."

Msichana alisita. Akatazama jikoni, akatazama chumbani.

"Hindatu," ikasema sauti ya ndani, laini, na ndani yake hamkuwa na aibu hata chembe. "Hindatu mzuri wangu. Hindatu kipenzi."

Kilikuwa kile hasa ambacho mtoto yule angetaka kusikia, na Asabe aliposikia kinasemwa kwa sauti yake mwenyewe, vizuri hivyo, kwa urahisi hivyo, aliona hana cha kuongeza. Msichana alikwisha kuanza kwenda. Hatua tatu. Nne. Harufu ya pamba ilijaa uani mpaka Malam akapoteza mstari aliokuwa anasoma, na kizani mlangoni kikaonekana kitu cheupe kikinyooshwa, kirefu, kinachofanana na mkono uliovaa soksi ya pamba. Asabe akaangaza huku na huku, atafute neno tamu, atafute chochote, na jicho lake likaangukia kisimani.

"Hindatu!" alipiga kelele. "Wewe Hindatu! Nani kaacha ndoo kisimani? Kamba imelowa yote, imevimba, nani ataivuta? Mimi? Nikivute kisima, nisonge tuwo, nidarizi, nikufulie na wewe, mimi nina mikono mingapi? Hindatu! Nahesabu!"

Msichana alisimama wima. Mabega yakashuka. Uso wake ukarudi kuwa uso wa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekamatwa na kosa.

"Si mimi, Mama," alisema. "Ni Mudi!"

Na akageuka akamkimbilia mama yake, akilia, akimshitaki mdogo wake.

Chumbani kitu kizito kikaanguka. Walipoingia walikuta kioo kimepasuka, na sakafuni pamba ya kuweza kujaza mto mmoja. Malam aliifunga kompyuta kwa sanda ya kaniki, na wanaume wawili wakaipeleka kwenye ukuta wa kile kiwanda wakaiacha pale. Waya ulikwenda, vitufe vilikwenda, diski za michoro zilikwenda zote. Asabe alizitia mwenyewe ndani ya gunia.

Ufunguo hakuutia. Aliuchomoa kabla Malam hajaingia, akautumbukiza kwenye kopo la maziwa lenye vifungo, juu ya rafu. Ufunguo ule ulikuwa wake kabla ya kompyuta ile. Mume wake alikuwa ameweka nakala ya michoro kwa ndugu yake mwaka mmoja nyuma, labda ingepatikana. Na yule mjukuu alikuwa bado kwa Alhaji Bako. Mtu hatupi miaka kumi na miwili kwa sababu ya mchana mmoja.

*

Majoho matano yaliyobaki yalidariziwa kwa mkono. Asabe alimfundisha Hindatu kuchora Visu Nane kwa chaki, kwa kichwa, na kumbe mtoto alikuwa na mkono mzuri, jambo ambalo Asabe alimwambia, mbele ya watu, mara moja. Jina sasa alilitamka kutwa. Wanawake wa mtaa walicheka: "Sikieni Asabe anavyomtangaza mwanawe, hana haya!" Inna aliwajibu wakacheke kwao. Mtoto alinenepa. Kila alipoitwa alikuwa na tabia moja tu: mara ya kwanza haji. Alikaa, akasubiri. Mpaka asikie ndoo, au kuni, au ukali kidogo, ndipo akainuka.

Mwezi wa sita, siku moja baada ya azuhuri, walikaa wawili chumbani, joho la mwisho limetandazwa magotini mwao. Wengine wote walikuwa wamelala. Asabe alikuwa ameuma uzi kwa meno, anatafuta tundu la sindano.

"Hindatu!" sauti ikaita. "Wewe Hindatu! Nani kaacha ndoo kisimani?"

Ilikuwa imekwaruza. Ilikuwa imechoka. Mwishoni ilikohoa kidogo, kile kikohozi cha Asabe.

"Naam, Mama," Hindatu akaitika, macho yako bado kwenye mshono, akaweka sindano chini, akaanza kuinuka.

Asabe alimshika kifundo cha mkono. Uzi ulikuwa bado katikati ya meno yake. Hindatu aliinua uso, akaona mdomo wa mama yake umefumba, na rangi ikamtoka.

Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, wakingoja adhana ya alasiri, na juu ya rafu kopo la vifungo likaendelea kuita, kwa sauti ya mwanamke mwenye kazi nyingi, likihesabu.